Kisonono si UTI: jinsi ya kukitambua, kukipima na kukifungia njia

Mtu anapofika kwenye dirisha la duka la dawa na kueleza kwa sauti ya chini kwamba mkojo unamchoma, mara nyingi huwa amekwisha kuupa ugonjwa wake jina kabla hajaulizwa swali lolote: anasema ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Jina hilo ni jepesi mdomoni. Linaweza kutajwa mbele ya mama mkwe, mbele ya mwajiri na hata mbele ya watoto, kwa sababu halimtuhumu mtu kwa lolote. Kisonono, au gono kama vijana wanavyokiita, hakitajwi hivyo. Basi mtu huuziwa vidonge, humeza siku tatu au tano, maumivu hupungua, na baada ya mwezi hurudi pale pale akiwa na jina jipya, yaani UTI sugu. Baadhi ya hizo zinazoitwa UTI sugu si UTI hata kidogo, wala hazikuwa sugu. Ni kisonono au klamidia, magonjwa ya ngono ambayo hayakupimwa, hayakupewa dawa inayoyafaa, na mwenza wa mgonjwa hakuulizwa kabisa.

Mwongozo huu unaeleza jinsi bakteria wa kisonono wanavyoingia mwilini na wanachofanya wakishaingia, kisha unaeleza hatua za kufuata kuanzia siku mtu anapohisi mabadiliko hadi siku anapoweza kusema amepona.

Kijidudu na njia anazopita

Kisonono husababishwa na bakteria aitwaye Neisseria gonorrhoeae, ambaye daktari Mjerumani Albert Neisser alimwona kwa hadubini katika usaha wa wagonjwa mwaka 1879. Chini ya hadubini bakteria hawa huonekana wawili wawili, kama punje mbili za buni zilizogeuziana upande bapa. Hawaishi kwa mnyama mwingine, wala katika udongo, wala majini. Makao yao ni mwili wa binadamu peke yake, na ndani ya mwili huo hupenda utando laini wenye unyevu, yaani ule wa mrija wa mkojo, wa mlango wa kizazi, wa njia ya haja kubwa, wa koo na wa macho. Wakitoka nje ya mwili na kukaukiwa, hufa upesi.

Kwa sababu hiyo, choo cha stendi ya mabasi, hata kiwe kichafu namna gani, hakimpi mtu kisonono, wala ugonjwa huu haupatikani kwa kuogelea katika bwawa moja na mgonjwa, kushikana naye mikono au kula naye sahani moja. Njia zake zinajulikana na ni chache: kujamiiana kwa njia ya uke, kwa njia ya haja kubwa na kwa mdomo, pamoja na mtoto kupita katika njia ya uzazi ya mama mwenye maambukizi. Si lazima mwanamume afikie kutoa shahawa ndipo aambukize. Maumbile nayo hayakugawa hatari kwa haki, kwani mwanamke akikutana mara moja na mwanamume mwenye kisonono uwezekano wa kuambukizwa unakaribia nusu kwa nusu, ilhali mwanamume akikutana mara moja na mwanamke mwenye kisonono uwezekano ni kama mara moja katika tano, ingawa hupanda kadiri matendo yanavyorudiwa.

UTI ya kweli ina njia nyingine kabisa. Kwa kawaida huletwa na bakteria wa utumbo, hasa Escherichia coli, ambao husogea kutoka sehemu ya haja kubwa, wakaingia katika mrija wa mkojo na kupanda hadi kibofuni. Wanawake huipata zaidi kwa sababu mrija wao ni mfupi, na kujamiiana kunaweza kuwasukuma bakteria hao ndani, lakini mtu hajaambukizwa na mwenzake. Bakteria walikuwa wake mwenyewe. Kwa kijana wa kiume mwenye afya njema, UTI ya namna hii ni nadra. Kijana anayeungua akikojoa na kuona majimaji au usaha kwenye ncha ya uume anapaswa kuchukuliwa kuwa ana maambukizi ya ngono mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na mimi humshangaa mhudumu anayemwandikia kijana huyo dawa ya UTI bila hata kumwomba ajifunue aangaliwe.

Kinachotokea ndani ya mwili

Bakteria wa kisonono wana vishikizi vyembamba kama nywele, ambavyo huwawezesha kung'ang'ania utando wasisombwe na mkojo. Wakishashika, hupenya chembechembe za utando na kuingia chini yake, na hapo mwili hugutuka na kupeleka chembechembe nyeupe za damu kwa wingi. Usaha mzito wa rangi ya manjano au kijani unaotoka kwenye uume ni chembechembe hizo zilizokufa zikipigana, pamoja na bakteria ambao wengine wao huendelea kuishi ndani ya zile zile zilizotumwa kuwaua. Zaidi ya hayo, bakteria hawa hubadilisha sura ya vishikizi vyao mara kwa mara, hivyo kinga iliyojifunza kuwatambua leo haiwatambui kesho. Ndiyo maana mtu aliyepona kisonono mwezi huu anaweza kukipata tena mwezi ujao. Kuugua hakumjengei kinga ya kutegemewa.

Kwa mwanamume dalili huanza kwa kawaida kati ya siku 2 na 5 baada ya kuambukizwa, na mara chache huchelewa hadi wiki mbili: mkojo unachoma, usaha unachirizika, pengine nguo ya ndani inakutwa na madoa asubuhi. Bila tiba, maambukizi yanaweza kufuata mrija wa mbegu hadi kwenye korodani, upande mmoja ukavimba na kuuma kiasi cha mtu kushindwa kutembea sawasawa. Huku kwetu uvimbe huo hupewa haraka jina la ngiri, na mgonjwa hutafutiwa mizizi, wakati kinachohitajika ni matibabu ya hospitali siku hiyo hiyo, hasa kwa kijana, kwa kuwa korodani iliyojisokota nayo huuma hivyo hivyo na huharibika ndani ya saa chache.

Kwa mwanamke hali ni ya hila zaidi, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiko madhara makubwa yaliko. Angalau nusu ya wanawake wenye kisonono hawahisi chochote, na wanaohisi hupata mambo yanayoweza kudhaniwa kuwa ya kawaida: ute umeongezeka au umebadilika rangi, mkojo unachoma kidogo, damu inatoka katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa. Wakati huo bakteria wamekaa kwenye mlango wa kizazi, na kwa baadhi ya wanawake hupanda, mara nyingi karibu na siku za hedhi, wakaingia katika kizazi na mirija inayopitisha yai. Hapo ndipo maumivu ya chini ya kitovu, homa na maumivu wakati wa tendo hutokea, hali ambayo kliniki nyingi huiita PID, na ambayo mitaani huitwa chango. Mwanamke hupewa dawa ya kuchemsha ya chango, maumivu hutulia kwa siku kadhaa, na mirija huendelea kupata makovu kimyakimya.

Kovu katika mrija mwembamba kama ule si jambo dogo. Katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Lars Weström na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake waliopata maambukizi ya mirija, wakaona kwamba takriban asilimia 8 walishindwa kushika mimba kwa sababu ya mirija baada ya kuugua mara moja, takriban asilimia 20 baada ya mara mbili, na takriban asilimia 40 baada ya mara tatu au zaidi. Mrija uliobana bila kuziba kabisa una hatari yake pia: yai lililorutubishwa hukwama humo na mimba hukua nje ya kizazi, mpaka mrija upasuke na damu imwagike tumboni. Mwanamke aliyekosa hedhi, akapata maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo na kizunguzungu, apelekwe hospitali mara moja, usiku uwe usiku.

Mara chache bakteria huingia katika damu. Mgonjwa hupata homa, vipele vichache vyenye usaha mikononi au miguuni, na maumivu yanayohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, kisha goti au kifundo cha mkono kikavimba. Mtu huyo anaweza kutibiwa kama mgonjwa wa baridi yabisi, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza habari za uke au uume wake. Kooni kisonono kwa kawaida hakina dalili yoyote, na kwenye njia ya haja kubwa kinaweza kuleta muwasho, ute au damu, au kisilete kitu.

Ndugu zake wanaosafiri pamoja

Kisonono mara nyingi hakitembei peke yake. Klamidia, inayoletwa na Chlamydia trachomatis, hupita njia zile zile, huharibu mirija ile ile, na hunyamaza zaidi. Usaha wake kwa mwanamume huwa mwepesi na mchache, au hakuna. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 82 ya kisonono na milioni 129 ya klamidia. Kaswende ni jambo jingine: huanza na kidonda kimoja kisichouma, ambacho hupona chenyewe na kumdanganya mtu, kisha hurudi kwa vipele mwilini, hata viganjani na nyayoni, na miaka mingi baadaye inaweza kufika kwenye moyo na ubongo. Pangusa huleta vidonda vinavyouma na mitoki kwenye kinena. Hawa wote ni bakteria, na wote wana dawa inayowaua, jambo linalowatofautisha na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri au vya UKIMWI.

Uhusiano na UKIMWI hauna budi kutajwa, na mahali pa kuutaja ni Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huo, watafiti walichukua jamii kumi na mbili, wakaboresha huduma za magonjwa ya ngono katika zahanati za nusu yake kwa kuwafundisha wahudumu na kuhakikisha dawa zipo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40 katika jamii hizo kulingana na zile nyingine. Utafiti uliofuata huko Rakai, Uganda, ambako watu walipewa dawa kwa wingi bila kusubiri dalili, haukuona upungufu kama huo, na wataalamu walijadili sababu zake kwa miaka. Hata hivyo, utando uliojaa usaha na vidonda hupitisha virusi kwa urahisi kuliko utando mzima, na mtu aliyegundulika na kisonono anapaswa kupima virusi vya UKIMWI na kaswende siku hiyo hiyo.

Jinsi ya kwenda kupima, na cha kuomba

Hatua ya kwanza ni kutokunywa dawa yoyote kabla ya kupima. Vidonge viwili vya kujaribu tu vinaweza kuwapunguza bakteria kiasi cha kufichika kwenye kipimo bila kuwamaliza mwilini.

Hatua inayofuata ni kwenda kituo cha afya chenye maabara na kusema wazi. Sentensi moja inatosha: "Mkojo unaniuma, ninatokwa na uchafu, na nimekutana na mtu bila kondomu wiki iliyopita." Mhudumu aliyesikia maneno hayo hawezi kukuandikia kipimo cha mkojo peke yake kisha akaridhika. Kama umetumia mdomo au njia ya haja kubwa, sema pia, maana sampuli ya mkojo haiwezi kuonyesha bakteria waliopo kooni au kwenye njia ya haja kubwa. Sehemu hizo huchukuliwa sampuli zake kwa pamba.

Elewa kile kijiti cha rangi kinachotumbukizwa katika mkojo, kwa kuwa ndicho kinachozaa UTI nyingi zisizo UTI. Kijiti hicho huonyesha kwamba kuna chembechembe nyeupe katika mkojo, lakini hakisemi zimetoka wapi. Zinaweza kutoka kibofuni, na zinaweza kutoka katika mrija wenye kisonono au katika ute wa ukeni uliochanganyika na mkojo. Kijiti hicho pia hupima nitriti, ambayo bakteria wengi wa utumbo huitengeneza na bakteria wa kisonono hawaitengenezi. Majibu yenye chembechembe nyeupe nyingi bila nitriti hayathibitishi kisonono, kwa sababu wapo bakteria wa UTI wasiotengeneza nitriti, lakini yanatosha kukufanya umuulize mtaalamu: "Je, haiwezi kuwa maambukizi ya ngono?"

Kwa mwanamume mwenye usaha, hadubini ni kipimo kizuri, cha bei nafuu na cha haraka: usaha hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na zile punje za buni mbili mbili zikionekana ndani ya chembechembe nyeupe, jibu limepatikana. Kwa mwanamke hadubini hukosa karibu nusu ya maambukizi, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" lisimtulize mwenye dalili. Kipimo bora kwake ni kile kinachotafuta vinasaba vya bakteria, kwa kutumia pamba iliyopitishwa ukeni, ambayo anaweza kuichukua mwenyewe akiwa chooni akielekezwa. Mashine za GeneXpert, ambazo watu wengi wanazifahamu kwa kifua kikuu, zina uwezo wa kupima kisonono na klamidia pia, ila si kila kituo chenye mashine hiyo kina vifaa vya kipimo hiki. Ulizia kabla ya kusafiri.

Mkojo wa kipimo hicho cha vinasaba una kanuni yake, nayo ni kinyume cha ile ya UTI. Kwa kuotesha bakteria wa UTI, unaambiwa uachie mkojo wa mwanzo uende, ukinge wa katikati. Kwa kisonono na klamidia unakinga ule wa mwanzo kabisa, kidogo tu, ukiwa hujakojoa kwa angalau saa moja, kwa sababu bakteria wamekaa kwenye mrija na mkojo wa mwanzo ndio unaowakokota. Nimeona watu wakikosea hapa kwa usafi wao mzuri: wanaoga, wanakojoa, kisha wanachukua sampuli ya mwisho iliyo safi kama maji.

Mwenye dalili aende siku hiyo hiyo. Asiye na dalili ambaye amekutana na hatari anaweza kupimwa mapema, lakini kipimo kilichochukuliwa siku chache tu baadaye na kikaja hakina kitu kirudiwe wiki mbili baada ya tukio.

Katika vituo visivyo na vipimo, mhudumu hutibu kwa kufuata dalili, yaani mwenye usaha hupewa dawa za kisonono na klamidia kwa pamoja. Utaratibu huo umeokoa wengi na haustahili kubezwa. Udhaifu wake ni mmoja: asiye na dalili, naye ndiye mwenye kubeba kisonono kwa miezi, hausikii mwito wake.

Dawa, na kwa nini ni sindano

Historia ya kisonono na dawa ni historia ya kufukuzana. Dawa za salfa zilikitibu katika miaka ya 1930 na ndani ya mwongo mmoja zikaanza kushindwa. Penisilini ikashika nafasi yake, na mwaka 1976 wakagunduliwa bakteria wa kisonono wenye uwezo wa kuivunja. Tetrasaiklini ikafuata njia hiyo hiyo. Siprofloksasini, kidonge ambacho bado huuzwa kwa urahisi dukani kwa kila mkojo unaochoma, Marekani iliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2007 kwa sababu ya usugu. Kilichobaki kama nguzo ni seftriaksoni, sindano ya msuli inayochomwa mara moja, nayo dozi yake imekuwa ikipandishwa. Marekani iliiongeza mwaka 2020 kutoka miligramu 250 hadi 500, na Uingereza imekuwa ikitumia gramu 1 tangu mwaka 2019. Tayari mwaka 2018 Uingereza ilikuwa na mgonjwa ambaye bakteria wake walizishinda seftriaksoni na azithromaisini zote mbili.

Kwa hiyo, anayekuuzia amoksilini au siprofloksasini kwa usaha unaotoka kwenye uume anakuuzia matumaini, na pengine anawafundisha bakteria mchezo mpya. Kubali sindano, kwa dozi iliyomo katika mwongozo wa nchi yako. Kama klamidia haijapimwa au imepatikana, utapewa pia doksisaiklini ya kumeza mara mbili kwa siku kwa siku saba, na hiyo ni siku saba kamili hata kama siku ya tatu umejisikia mzima. Mjamzito hapewi doksisaiklini. Aseme ana mimba, au anahisi anayo, ili apewe azithromaisini. Mwenye historia ya mzio mkali wa penisilini naye aseme kabla sindano haijavutwa.

Baada ya sindano usijamiiane kwa siku saba, na usihesabu siku hizo kwako peke yako. Zinahesabiwa tangu wewe na mwenza wako nyote mmetibiwa. Usikamue uume kila asubuhi kuangalia kama usaha umeisha, kwani kukamua huko huleta majimaji na maumivu yake yenyewe, na mtu hurudi kudai sindano nyingine asiyoihitaji. Dalili zinapaswa kupungua sana ndani ya siku mbili tatu. Zikibaki baada ya siku tano, rudi, na omba sampuli ioteshwe ili ijulikane ni dawa gani inayowaua bakteria wako.

Kumwambia mwenza

Kisonono hakitibiki kwa mtu mmoja. Mume akichomwa sindano peke yake na kurudi kwa mke ambaye hakutibiwa, atakipata tena kabla kovu la sindano halijapona, na katika ndoa ya mitala wake wote wahusike, hata yule anayeishi kijijini ambaye huonwa mwezi kwa mwezi. Wanaopaswa kuambiwa ni wote mliokutana nao ndani ya siku 60 zilizopita, na kama hakuna, basi yule wa mwisho.

Maneno ya kusema yawe machache na yaanze na tiba: "Mume wangu, nimepimwa nikakutwa na maambukizi yanayotibika. Nimeshaanza dawa. Nawe unahitaji kutibiwa wiki hii, hata kama hujisikii vibaya, ama sivyo tutarudishiana." Swali la nani alileta litakuja, na jibu la kweli ni kwamba kipimo hakilijibu. Mtu anaweza kubeba kisonono bila dalili kwa miezi, hivyo aliyeugua kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza. Katika nyumba nyingi mwanamke hutajiwa ugonjwa kwanza kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kliniki, kisha hubebeshwa lawama kwa kosa la kupima. Akiona kuna hatari ya kupigwa au kufukuzwa, amwambie mhudumu. Vituo vingi vina karatasi ya kumwita mwenza isiyotaja ugonjwa, na mhudumu anaweza kulibeba jambo hilo kwa niaba yake.

Mama mjamzito, mtoto, na usafi usiosaidia

Kliniki ya wajawazito kwa kawaida hupima kaswende na virusi vya UKIMWI. Kisonono hakimo katika vipimo hivyo vya kila mtu, kwa hiyo mjamzito mwenye ute usio wa kawaida aseme bila kusubiri kuulizwa. Mtoto anayezaliwa akapita kwenye kisonono hupata maambukizi ya macho, kope huvimba na usaha humwagika kati ya siku ya 2 na ya 5, na asipotibiwa kioo cha jicho huweza kutoboka. Mwaka 1880 daktari wa uzazi aliyeongoza hospitali ya wazazi ya Leipzig, Ujerumani, Carl Credé, alianza kuwatia watoto wachanga matone ya nitrati ya fedha machoni, na upofu huo ukashuka mno. Ile dawa ya tetrasaiklini ya mafuta ambayo mkunga humpaka mtoto wako leo machoni ni mrithi wa matone hayo, kwa hiyo usimzuie. Macho ya kichanga yakitoa usaha, usitie maziwa ya mama wala chai ya rangi. Nenda hospitali siku hiyo, atibiwe yeye na wazazi wote wawili.

Kisonono cha sehemu za siri, cha njia ya haja kubwa au cha kooni kikipatikana kwa mtoto aliyepita umri wa uchanga, maelezo ya taulo au choo yasikubaliwe kirahisi. Mtoto huyo apelekwe hospitali na suala lake lishughulikiwe kama la uwezekano wa kudhulumiwa kingono.

Kondomu iliyovaliwa tangu mwanzo wa tendo hadi mwisho hupunguza hatari sana, na kwa ngono ya mdomo pia. Kutawadha kwa maji kwa nje hakuna ubaya wowote, lakini kuingiza sabuni, ndimu au vidole ndani ya uke baada ya tendo hakuondoi kisonono. Huondoa bakteria wazuri wanaoulinda uke. Kumeza doksisaiklini baada ya tendo, jambo ambalo limeanza kuzungumzwa, halikuonyesha faida katika utafiti uliofanyika Kisumu kwa wanawake vijana 449 na kuchapishwa mwaka 2023, na vipimo vya nywele zao vilionyesha kwamba wengi hawakuwa wakiimeza dawa hiyo kama walivyotakiwa.

Miezi mitatu baada ya sindano, rudi upimwe tena, hata kama uko mzima kabisa. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu siku ile ile unapotibiwa, kwa sababu hakuna maumivu yatakayokukumbusha. Kipimo hicho kikikuta kisonono tena, mara nyingi si kwamba dawa ilishindwa. Ni kwamba kuna mtu mmoja kati ya wale wa siku 60 ambaye hakwenda.